Siku Mama Alipomwimbia Mke Mwenza wa Chuma

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka hapa duniani si ya mtu wala ya mnyama, ni ya kibuyu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kibuyu kikubwa cha maziwa, kimefungwa kwa kamba ya ngozi na kuning'inizwa kwenye boriti ya msonge wake, na kila alfajiri, jogoo akiwa bado hajaamua kama awike au aendelee kulala, bibi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda akikisukuma na kukivuta, kuchu, kuchu, kuchu, mpaka maziwa yakubali kuachana na siagi yake. Mimi nililala kwa bibi, kwa hiyo usingizi wangu wa mwisho wa usiku ulikuwa na harufu ya samli na moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Bibi alikuwa na mwiko mmoja tu: watu wasigombane karibu na kibuyu. Alisema maziwa yana masikio, yakisikia ugomvi hukataa kutoa siagi, yanabaki kuchekacheka humo ndani mpaka mkono uchoke. Mimi nilidhani ni maneno ya kutunyamazisha watoto. Basi asubuhi moja kibuyu kilikataa. Bibi akasukasuka mpaka jua likaingia mlangoni, akafungua kizibo, akachungulia, akakifunga tena. Akatoka nje na kusema kwa sauti ya kusikika mji mzima, "Nani wamegombana kwenye ukuta wangu?" Nami nilijua, maana niliwasikia. Walikuwa baba na mama, na waligombania gari.

Niseme mapema kwamba mimi nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa masista, halafu mdogo wangu akazaliwa nikarudishwa nyumbani kumbeba. Ninayoyaandika nayaandika jinsi yanavyokuja. Tena sisi nyumbani tulisema Kisukuma, Kiswahili kilikuwa cha mnadani na cha bomani, kwa hiyo maneno ya watu nitakayoyatia hapa nimeyageuza mwenyewe, na kama yamepungua chumvi, kosa ni langu, wao walikuwa wanasema vizuri.

Tuliishi upande wa Kharumwa, kwenye ile nchi ya vilima vya mawe na mbuga nyeusi ambayo ukichimba kisima huna hakika kama utapata maji au mchanga wenye dhahabu. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, Uhuru ulikuwa bado, na baba yangu alikuwa dereva. Alijifunzia Geita kwenye malori ya mgodi, halafu akaajiriwa na Mzungu mmoja mchimbaji aliyekuwa na shimo lake karibu na kwetu, mtu mpole mwenye ndevu nyekundu aliyekula matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, kama sisi. Shimo lile halikumpa kitu. Siku alipokata tamaa na kutaka kurudi kwao alikuwa na mali moja tu ya maana, gari kuukuu la turubai, lenye magurudumu ya njiti za chuma na taa mbili zilizotokeza kama macho ya chura, gari ambalo hata wakati ule watu wa mjini walilicheka. Jina la waliolitengeneza lilikuwa limeshafutika. Baba alilitaka. Na sisi mali yetu ilikuwa ng'ombe wa Wande.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Wande ni dada yangu mkubwa, na kwa jina lake wazazi wetu waliitwa Baba Wande na Mama Wande mpaka wanakufa. Alipoolewa, ng'ombe wa mahari waliingia zizini kwetu. Ng'ombe wale hawakuwa wa kuuza wala wa kuchinja. Walikuwa ng'ombe wa kaka yangu Masanja, ndio ambao angeolea mke, kwa sababu kwetu dada ndiye anayemwoza kaka. Kila mtu alijua. Hata Masanja mwenyewe alipokuwa akiwachunga alikuwa akiwatazama kwa jicho la mtu anayemtazama mchumba. Kipendacho roho hula nyama mbichi: baba aliwatoa ng'ombe wa Wande zizini, akawapeleka kwa yule Mzungu, Mzungu akawapeleka kwa mchinjaji wa Geita, na jioni baba akarudi akipiga honi tangu mtoni. Ndiyo asubuhi yake kibuyu kikakataa.

Mama hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa mwimbaji, alijulikana tangu usichana wake kwenye ngoma za jembe, yeye anatangulia kwa sauti na wenzake wanalima nyuma yake, na mwimbaji hapotezi koo lake kwa ugomvi. Alisema tu kwamba ameletewa mke mwenza, na tangu siku hiyo gari halikuwa na jina jingine mdomoni mwake. Baba akaliita Nzagamba, yaani fahali. Mama akasema fahali gani asiyepanda jike. "Mwulizeni mke mwenza kama amekula," alikuwa akituambia jioni, na baba akipita na debe la maji ya rejeta anasema, "Mpeni na maji akaoge." Baba alicheka. Mama hakucheka. Na garini hakupanda. Gari lilibeba pamba ya jirani, lilibeba wagonjwa mpaka misheni ya Ushirombo, lilibeba hata bibi na kibuyu chake kwenda arusini, lakini mama aliendelea kutembea kwa miguu pembeni ya barabara huku baba akiendesha polepole kando yake akimbembeleza, mpaka akachoka kubembeleza.

Mambo yangekaa hivyo, lakini Masanja akapata mchumba, tena akampata kwa gari hilohilo. Walikuwa wamepeleka mzigo upande wa Songwa, kule kwenye almasi, rejeta ikachemka mbugani, Masanja akatumwa kisimani. Kisimani alikuwapo msichana anaitwa Limi. Masanja alituambia kwamba alimwomba maji kidogo, Limi akamwuliza ni ya nani, akasema ni ya gari, Limi akasema, "Basi lije lenyewe liombe." Kaka yangu alirudi nyumbani akiwa hafai kwa kazi yoyote. Hata kukamua alikamulia nje ya ndoo.

Baba yake Limi aliitwa mzee Sayi. Alikuwa na ng'ombe wengi na alikuwa kiongozi wa kundi la ngoma, mtu mrefu, mkavu, masikio yake yametoboka kwa majasi ya zamani, Kiswahili hajui wala hakitaki. Baba na wazee wawili wa kwetu walikwenda kuposa, nami nilikuwamo kwa sababu mdogo wangu alikataa kuachwa na baba, na mbebaji wake ni mimi. Mzee Sayi alitupokea vizuri, akatupa maziwa ya mgando, akauliza habari za mvua na za malisho, halafu akasema polepole, kama anayeulizia afya ya mtu:

"Nimesikia ng'ombe wa Wande wanakunywa mafuta siku hizi."

Wazee wetu wakainama. Baba akasema ni kweli, wamegeuka, lakini mali ni mali.

"Chuma hakizai," akasema mzee Sayi. "Binti yangu nikimtoa kwa chuma, ndugu zake wataoa kwa nini? Kwa misumari?"

Baba akamwambia habari ambayo hata sisi tulikuwa hatujaijua. Shinyanga mjini kulikuwa na chama cha wenye magari. Mwanzilishi wake alikuwa Bwana Kanji, Mhindi mwenye gereji, na wenzake walikuwa Waarabu wenye maduka na mafundi wa Kizungu kutoka kwenye almasi. Kila kiangazi walitoka siku moja na magari yao ya zamani, wakayapanga uwanjani, watu wakaja kuyatazama, na lililoshinda likapewa kikombe. Baba alikuwa Msukuma peke yake mle, na alipokewa kwa sababu Nzagamba alikuwa kuukuu kuliko yote, na huko chamani ukuukuu ndio ulikuwa sifa. Jambo hilo lilimshangaza mzee Sayi, akacheka kwa pua. Kwetu ng'ombe akizeeka anachinjwa, hapelekwi kuonyeshwa. Lakini aliposikia neno kushinda, akasogeza kigoda chake.

"Anayeshinda anajulikanaje?"

Baba akajibu kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angejibu. Akasema, "Linalopendeza watu." Na hapo ndipo wote wawili walipokosea, na wazee wote waliokaa pale, maana hakuna aliyeona kwamba jibu lile linahitaji swali jingine. Kwetu mashindano ni ya aina moja. Makundi mawili ya ngoma yanaingia uwanja mmoja siku moja, hili huku na lile kule, yanaimba, yanatukanana kwa nyimbo, na watazamaji wanatembea na miguu yao. Jioni, upande wenye watu wengi umeshinda. Hakuna mwamuzi wala kalamu. Miguu ya watu haisemi uongo.

Mzee Sayi akatoa neno lake mbele ya wote. Angekuja Shinyanga siku hiyo, angesimama, angetazama. Kama gari la baba lingevuta watu kuliko mengine yote, yeye angelipokea lenyewe badala ya ng'ombe, aliingize zizini kwake, na Limi awe mke wa Masanja. Lisipovuta, baba atafute ng'ombe, na kama hana, kijana akaoe kwingine. Wazee wetu wakamtazama baba. Akakubali, lakini nilimwona akilitazama gari kwanza.

Njiani kurudi ndipo nilipoelewa, ijapokuwa nilikuwa mtoto, kwamba baba amejitia kwenye mtego wa pande mbili. Akishinda, anapoteza gari. Akishindwa, gari linabaki na Masanja anabaki bila mke. Mama alipoambiwa, alikuwa anatwanga. Akatwanga kidogo, akasema, "Basi mke mwenza atarudi kwao akiwa mzima. Si wengi wanaopata bahati hiyo." Na kwa mara ya kwanza akasema siku hiyo na yeye atapanda.

Kabla ya safari tulilipamba. Mtu akienda kucheza ngoma anapakwa mafuta mpaka ang'ae, hata fahali akienda kuonyeshwa anapakwa. Masanja na mimi tukachukua samli ya bibi, chungu kizima, tukalipaka gari kuanzia taa mpaka nyuma, milango, boneti, njiti za magurudumu, kila mahali. Likang'aa, nawaambia. Lilipopigwa na jua la asubuhi hata bibi alikiri kwamba samli yake haijawahi kukaa mahali pazuri hivyo. Tukapanda, baba na Masanja mbele, mama na mimi na mtoto nyuma, tukashika barabara ya Shinyanga. Na barabara ya Shinyanga ya kiangazi wakati ule, wewe unayepita leo kwenye lami huwezi kuijua. Vumbi lililala juu yake kama unga kwenye kinu. Liliinuka, likatuzunguka, likatukalia, na kila chembe iliyogusa samli haikuondoka tena. Tulipoingia uwanjani Shinyanga hatukuwa na gari jeusi wala la kung'aa. Tulikuwa na kitu cha rangi ya ugoro, chenye manyoya, kinanuka maziwa.

Bwana Kanji alikuja mbio, shati lake jeupe limeshikwa kwa mkono mmoja lisiguse kitu. Akalizunguka gari. Akaweka kidole kwenye boneti, akakitazama, akakinusa.

"Baba Wande, mimi nimesema osha. Wewe umekaanga."

"Ni samli," akasema baba.

"Najua samli. Nyumbani kwangu naweka kwenye chapati. Weka gari kule mwisho, mbali, nzi wasije kwa magari ya watu."

Tukapangwa mwisho, karibu na reli. Magari mengine yalikuwa yamesimama mstari mmoja, safi, milango wazi, wenyewe wameketi kwenye viti vya kukunja wakinywa chai kutoka kwenye chupa. Kulikuwa na moja jekundu, la mke wa fundi mmoja wa almasi, chuma chake chote cheupe kinamulika mpaka unafumba macho. Watu walikuwa wengi, wachimbaji wa kutoka Geita na kofia zao, wafugaji wa Kishapu na fimbo mabegani, mama wa Kiislamu wa mjini, wanafunzi. Wote walikwenda kwa lile jekundu. Walijitazama kwenye chuma chake wakachekeana meno. Kwetu walikuja mbwa wawili, wakalamba gurudumu.

Mzee Sayi alifika na wanawe, na Limi yuko nyuma yao amejitanda kaniki mpya. Akatuamkia, akasimama mahali ambapo aliweza kuona uwanja wote, akaweka mikono nyuma. Masanja alikuwa amevaa suruali ya kuazima, na jasho lilimtoka mpaka kwenye vifundo. Alikuwa akimtazama Limi, halafu anamtazama baba, halafu anaanza kukwangua samli kwa ukucha. Na baba? Baba alikuwa amekaa kwenye ubao wa kukanyagia, amekunja nne, anatafuna kijiti. Mimi nilimtazama uso. Uso wa baba ulikuwa umetulia. Ukitaka nikuambie kweli, ulikuwa na furaha.

Mama aliiona pia. Akashuka garini, akakaa karibu yake, akasema kwa sauti ya chini lakini mimi nilikuwa juu yao na nikasikia.

"Baba Wande, unapendeza leo."

"Kwa nini?"

"Kama mtu ambaye mkewe mdogo amekataa kuondoka."

Baba akatoa kijiti mdomoni. "Mimi nifanyeje, Mama Wande? Watu wana miguu yao."

"Wana miguu. Na huyu wako ana sauti. Unadhani sijui mnafanya nini na watoto nikienda kisimani?"

Sasa hili nalo lazima nilieleze. Chini ya usukani wa Nzagamba kulikuwa na vijiti viwili, kimoja cha mafuta na kimoja cha moto. Ukikirudisha kile cha moto injini inakohoa, ukikipeleka mbele inakimbia, na baba alikuwa amegundua kwamba kwa kuvicheza vyote viwili pamoja anaweza kuifanya injini ipige mapigo ya ngoma ya jembe, pu, pu-pu, pu, pu-pu, na akiikata kidogo na kuirudisha inalipua nyuma kama bunduki. Alitufanyia sisi watoto mama akiwa hayupo, tukacheza uani mpaka miguu ikaingia moto. Tulidhani ni siri yetu. Mwanamke anayetokea kisimani husikia mbali.

Mama akasema neno moja tu tena, "Mwanao anakutazama." Baba akageuka, akamwona Masanja na ukucha wake wenye samli. Wakatazamana kidogo. Kisha baba akatupa kijiti, akachukua hendeli ya kuwashia, akaipiga. Nzagamba akaitika mara ya kwanza, jambo ambalo hakulifanya hata siku za joto. Baba akaketi, akaweka vidole kwenye vile vijiti, na ngoma ikaanza.

Watu wa karibu waligeuza vichwa. Wa mbali hawakusikia, na hapo ndipo mama yangu, ambaye hakuwa ameimba hadharani tangu gari liingie kwetu, alipofunga kanga kiunoni, akasimama mbele ya zile taa za macho ya chura, akamwelekezea gari kidole na kumwimbia mke mwenza wake. Aliyaimba kwa Kisukuma na kwa Kisukuma yana utamu, lakini yalikuwa kama hivi: Mke mwenza wangu hana kiuno, mume wangu anamshika wapi. Mke mwenza wangu hachoti maji, anayanywa ya wenzake. Mimi nilizaa nikabeba mgongoni, yeye anazaa moshi. Leo amepakwa samli ya mama mkwe, mimi niliyezaa nimepakwa vumbi. Na kila mwisho wa mstari baba aliikata injini ikalipua, pwaa, na mimi nikabinya mpira wa honi, kwa sababu nilikuwa nimehamia mbele penye honi na mkono wangu haukungoja ruhusa.

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa mchimbaji mmoja wa Geita, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Wanawake wa Kishapu wakaja wakikimbia, watoto wao wakiwa bado na titi mdomoni. Wakapokea kiitikio bila kufundishwa. Wafugaji wakachomeka fimbo zao ardhini wakaanza kukanyaga. Mama mmoja wa mjini, wa Kiislamu, ambaye hakujua neno la Kisukuma, aliuliza kinachoimbwa, akaambiwa, akaweka mkono mdomoni na kusema, "Mimi wangu ni wa nyama, afadhali huyu wa chuma." Hata wenye magari waliacha chai. Niliinuka juu ya kiti nikatazama upande wa pili wa uwanja. Magari yote yalikuwa yamesimama peke yake, milango wazi, kama nyumba zilizohamwa. Kwenye lile jekundu alibaki yule mama wa Kizungu, naye akawa anapigapiga mguu.

Mcheza kwao hutunzwa, lakini mama alitunzwa ugenini: shanga, ushanga wa kiunoni wa mtu, kuku. Na katikati ya kelele hizo sisi hatukuona kwamba kule mbele kwenye meza mwamuzi, Mzungu mmoja mrefu, alikuwa ameshapita na karatasi yake kabla ngoma haijaanza, ameshatoa hukumu, na kikombe kilikuwa kinakabidhiwa kwa gari jekundu mbele ya watu wachache tu.

Bwana Kanji ndiye aliyekuja kutuambia, akijipenyeza katikati ya wachezaji. Alikuwa na huzuni ya kweli, maana alikuwa mtu mwema. "Baba Wande, pole. Kikombe kimekwenda kule. Mwamuzi anataka usafi. Wewe umeshindwa, ndugu yangu, lakini umefurahisha watu sana." Alisema kwa Kiswahili, na mzee Sayi alikuwa amesimama palepale. Kelele zikapungua kidogo. Baba akainua mikono kutoka kwenye vijiti, injini ikabaki inanguruma yenyewe.

"Mhindi anasema nini?" akauliza mzee Sayi.

Mimi nilikisikia Kiswahili kile, Masanja alikisikia, mama alikisikia. Neno lilikuwa la baba kulitafsiri. Angesema kwa mkato tu kwamba tumeshindwa, wala asingekuwa amedanganya, na gari lingerudi Kharumwa naye. Masanja aliinamisha kichwa, nadhani alishakata shauri kwamba ndivyo itakavyokuwa. Baba akamwambia mzee Sayi mambo yote kama yalivyosemwa: kikombe kimekwenda kwa lile jekundu, mwamuzi aliangalia usafi, Nzagamba ni mchafu.

Mzee Sayi alifikiri. Akatazama kule mezani, akatazama lile jekundu, akazungusha macho kwenye umati uliotuzunguka.

"Mimi sikuja kutazama kikombe," akasema. "Watu walikuwa wapi?"

Baba akapitisha kiganja juu ya usukani, akakifuta kwenye suruali.

"Walikuwa hapa," akasema.

"Basi."

Limi akageuza uso upande wa pili, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Palepale mzee Sayi akasema Masanja ndiye atakayeliendesha gari mpaka zizini, maana yeye hana nia ya kujifunza ujinga uzeeni.

Limi na Masanja walikaa pamoja mpaka uzee, wakazaa watoto wengi kuliko viti vya gari lile. Nzagamba mwenyewe alikwenda miaka michache, kisha mafuta yakawa shida, akasimama zizini kwa mzee Sayi na kuku wakaingia, na mzee akawa anajisifu kwamba hatimaye chuma kimezaa, maana kila asubuhi aliokota mayai kwenye kiti cha nyuma. Siku hizi mjukuu wangu wa Shinyanga ananionyesha kwenye simu watu wa ng'ambo wanaotoka na magari yao ya zamani, wanayapanga kwenye majani mabichi, wanayafuta kwa vitambaa, nami naona ni watu wa raha na siwacheki. Yeye mwenyewe alipooa alikodi magari meupe, yakapita mjini na tarumbeta, jioni yakarudi kwa wenyewe. Arusi ilipendeza, tulikula vizuri. Lakini katika magari yale yote hakukuwa na hata moja ambalo mtu aliumia kuachana nalo, na kwa kipimo changu mimi mzee, arusi ya zamani ilikuwa nzito zaidi kwa sababu hiyo. Kwa mengine yote, ya leo ni bora. Barabara ni bora, hospitali ni bora, na hakuna tena binti anayeulizwa yeye ni sawa na fahali wangapi.

Babu yangu alikuwa akisema kwamba ukipeleka ng'ombe wa mahari usigeuke nyuma, maana wakikuona wanalia, na wewe utalia. Siku ile pale uwanjani, baba alizima injini. Akashuka, akampa Masanja ile hendeli, akamwonyesha kwa kidole mahali rejeta inapovuja. Bwana Kanji akamwambia tutaonana kiangazi kijacho, Baba Wande, njoo na jingine, na baba akamshika mkono. Mama akamwita angoje kwanza tupate maji. Lakini baba alishaanza kutembea, akavuka uwanja katikati ya yale magari masafi bila kuligusa hata moja, akavuka reli, mikono nyuma, mwendo wa mtu asiye na haraka, na uwanjani pale hakurudi tena maisha yake yote.